Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: jeni, mafuta na usingizi wa wadudu rafiki

Wadudu rafiki ndo wepi, na huo usingizi ni upi?

Wadudu rafiki ni wale wanaomsaidia mkulima, wawe wanakula waharibifu au wanachavusha: mdudu-kibibi (yule mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari), krisopa wa kijani ambaye lava wake (mtoto aliyetoka kwenye yai) ni mlafi hatari, vijinyigu vinavyotaga ndani ya kiwavi au kidukari, pamoja na nyuki wa aina zote. Sasa hawa wote wana kipindi kibaya cha mwaka, baridi kali au kiangazi, na wengi wao wanakipita kwa kulala. Wataalamu wanaita dayapozi. Mdudu anaacha kukua au anaacha kutaga, mwili unapunguza matumizi, anajificha chini ya majani au kwenye ufa wa gome na anaweza kukaa hapo miezi na miezi.

Si ni baridi tu inamfanya agande?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Ukimweka mdudu yeyote kwenye baridi atazubaa, ukimtoa atatembea, hiyo haina mpango wowote ndani yake. Dayapozi inaanza kabla shida haijafika. Mdudu anasoma dalili, hasa urefu wa mchana, mchana ukianza kufupika anajua kinachokuja japokuwa nje bado kuna joto na chakula kibao, alafu jeni fulani zinawashwa na nyingine zinazimwa, na kitu cha kwanza kinachotokea wala si kulala. Ni kula. Anakula sana, kisha kile alichokula hakiendi kwenye mayai, kinaenda kwenye mafuta. Ukikumbuka hilo moja tu, kwamba usingizi unaandaliwa mezani, maswali mengi ya huku chini yatakuwa rahisi.

Kwanini mafuta na si sukari?

Hesabu tu. Gramu moja ya mafuta inatoa nishati kama kilojuli 39, gramu moja ya wanga inatoa kama 17. Alafu mafuta yakichomwa mwilini yanazalisha maji, kwa uzito karibu sawa na mafuta yenyewe au zaidi kidogo, na mdudu aliyefungiwa miezi sita bila kunywa anayahitaji hayo maji kuliko unavyodhani, maana wengine wanakufa kwa kukauka na wala si njaa.

Sukari nayo wanaiweka, kwa mfumo wa glikojeni, ila hiyo ni pesa ya mfukoni, mafuta ndo kibubu. Tena kwa wadudu wengi wa nchi za baridi sehemu ya glikojeni inageuzwa kuwa gliseroli na vitu vya jamii hiyo vinavyozuia mwili usiharibiwe na barafu, kwahiyo ina kazi nyingine.

Hayo mafuta yanakaa wapi kwenye mdudu mdogo hivyo?

Tumboni, kwenye tishu inayoitwa mwili-mafuta. Usiichukulie kama mafuta ya nyama ya mbuzi yaliyokaa tu, hii tishu inafanya kazi ya ini na ya stoo kwa pamoja: inatengeneza mafuta, inayatunza kwenye vitone ndani ya seli, inatengeneza protini za damu na kwa jike ndo kiwanda kikuu cha vitelojenini, ile protini ya kiini cha yai. Ukimpasua mdudu-kibibi jike aliyejiandaa kulala utaona tumbo limejaa kitu cheupe au cha njano na ovari ni nyuzi nyembamba ambazo usipokuwa makini huzioni. Ukimpasua anayetaga ni kinyume chake, mayai ya njano yamejaa na mafuta kidogo. Huhitaji mashine ya DNA kuona tofauti hiyo, darubini ya kawaida ya shule inatosha.

Haya, sasa jeni zenyewe ni zipi?

Ziko nyingi ila zinazotajwa kila mara ni hizi, nitajaribu kwenda nazo kwa mtiririko wa kazi badala ya kukupa majina tu.

Kwanza kuna jeni za kiwanda. Kimeng'enya kinachojenga asidi za mafuta kinaitwa fatiasidi sinthesi, kwa kifupi FAS, na mdudu mmoja anaweza kuwa na jeni kadhaa za FAS zenye kazi tofauti. Mbele yake kuna kimeng'enya kinachoandaa malighafi, nyuma yake kuna vinavyorefusha minyororo na vinavyoilegeza ili mafuta yasigande kirahisi kwenye baridi. Watafiti wa China wamezifuatilia jeni za njia hii kwa mdudu-kibibi wa madoa saba, Coccinella septempunctata, wakati jike anajiandaa kulala, na nchini humohumo kuna kazi nzuri sana ya mbawakavu wa kabichi, Colaphellus bowringi. Huyu wa pili si rafiki, ni mharibifu kabisa, ila mfumo wake umechunguzwa vizuri: walipoinyamazisha jeni yake ya FAS2 kabla hajalala, mafuta yakapungua na hata jeni za kuvumilia shida zikashuka. Kwahiyo siyo kwamba mafuta yanakuja yenyewe mdudu akila, lazima hiyo jeni iwe imewashwa.

Pili kuna jeni za mlango wa stoo. Protini zinazoitwa perilipini zinakaa juu ya kitone cha mafuta na kuamua nani aingie, alafu kuna kimeng'enya kinachovunja mafuta, jeni yake inaitwa brummer, ilijulikana kwanza kwa inzi wa matunda Drosophila. Brummer ikifanya kazi kupita kiasi mdudu anakonda, ikiharibika ananenepa. Na kuna homoni inayoagiza mafuta yatolewe wakati wa safari au njaa, kifupi chake AKH.

Tatu, na kwangu hapa ndo patamu, kuna wakubwa wanaotoa amri. Nyuma ya ubongo wa mdudu kuna tezi ndogo zinazotoa homoni ya uchanga, JH. Kwa mdudu mzima anayelala, yaani kibibi, krisopa na wengineo, JH ikiwepo inasema "taga", vitelojenini inatengenezwa, ovari zinakua. Mchana ukifupika ubongo unazifunga hizo tezi, JH inashuka, na chakula kinageuzwa njia. Yule mbawakavu wa kabichi alionyesha hili waziwazi: jike ambaye hakupaswa kulala, wakiinyamazisha jeni ya kipokezi cha JH inayoitwa Met, anaanza kuweka mafuta kana kwamba msimu wa baridi umefika.

Mkubwa mwingine ni insulini. Ndiyo, wadudu wana insulini yao.

Insulini? Kama ya kisukari?

Ya jamii hiyo, ndiyo. Na kisa chake kizuri kimetoka kwa mbu, Culex pipiens, kwenye maabara ya David Denlinger kule Ohio State, Marekani. Mbu si rafiki wa mtu najua, ila bila yeye tusingeelewa nusu ya haya mambo. Jike wa huyu mbu akiona mchana mfupi haendi kutafuta damu, jeni za kusaga damu zinashuka na za kutengeneza mafuta zinapanda, anakuwa mtu wa nekta tu, anakunywa sukari mpaka ananenepa. Mwaka 2008 walionyesha kwamba kwenye hali hiyo amri ya insulini inazimwa, na insulini ikizimwa protini moja inayoitwa FOXO inaachiwa huru iingie kazini. Walipoinyamazisha FOXO kwa mbu wanaojiandaa kulala, hawakuweka mafuta vizuri na hawakuishi muda mrefu. Walipogeuza, wakanyamazisha kipokezi cha insulini kwa mbu wa mchana mrefu, ovari zikagoma kukua.

Kinachoshangaza ni kwamba FOXO kwa wanyama wengi ni protini ya njaa, ya kubana matumizi, na hapa inaenda sambamba na kunenepa. Ndo maana mi huwa nasita mtu akiniambia "jeni ya mafuta", hakuna jeni moja ya mafuta, kuna mtandao na jeni ileile inaweza kufanya kinyume kutegemea ni msimu gani na mdudu gani.

Nyigu wadogo nao ni hivihivi?

La, na kama unafuga au unanunua vijinyigu soma hapa taratibu.

Nyigu wengi wa aina hii wakishakuwa wakubwa hawatengenezi mafuta mapya. Unaweza kuwapa asali mpaka wachoke, wataishi zaidi lakini akiba ya mafuta haipandi. Mwaka 2010 kundi la Bertanne Visser na Jacintha Ellers wa Amsterdam lilionyesha kuwa hali hii imejitokeza tena na tena, si kwa nyigu tu bali hata kwa inzi na mbawakavu wanaoishi kwa mtindo huohuo wa kula mwenyeji (yule mdudu waliyetagwa ndani yake) kutoka ndani. Sababu inaeleweka: lava anakula mwenyeji aliyejaa mafuta tayari, anayabeba kama yalivyo, sasa kiwanda cha nini? Jeni ya FAS haijafutika, ipo, ila kwa nyigu Nasonia vitripennis haiitikii mdudu akipewa sukari kama inavyoitikia kwa wengine. Baadaye, mwaka 2021, watafiti wa Ujerumani wakatumia sukari yenye alama wakakuta baadhi ya hao nyigu bado wanatengeneza kiasi kidogo, kwahiyo mjadala haujafungwa, ila kwa mfugaji jibu halibadiliki sana: mafuta ya nyigu yanaamuliwa na mwenyeji aliyemlea. Mwenyeji dhaifu, nyigu dhaifu.

Alafu kuna kituko kingine cha Nasonia. Anayelala ni lava, ila anayeamua ni mama. Mama akiishi kwenye michana mifupi anataga watoto watakaolala, wao hawajaona hata jua. Na uvumilivu wao wa baridi unategemea hata kama pupa wa inzi waliyemla alikuwa naye amelala au la, kama alikuwa kwenye dayapozi yake basi lava wa nyigu wanakuwa wagumu zaidi kwenye baridi.

Je, tabia hii inarithiwa? Naweza kuchagua wazazi nikapata kizazi kisicholala?

Inarithiwa sana. Mfano wa zamani na mtamu ni wa krisopa wa Marekani: Maurice na Catherine Tauber wa Cornell pamoja na mwenzao walichukua aina mbili za krisopa, ndugu wa karibu wanaozaa majira tofauti, wakawachanganya, na mwaka 1977 wakatangaza kwamba tofauti yao ya kuitikia urefu wa mchana inaelezwa na jeni mbili tu. Mbili! Kitu kinachowatenganisha wasioane porini kimesimama kwenye jeni mbili.

Nasonia naye, waliokusanywa kuanzia Finland kushuka hadi Corsica, hawalali kwa ratiba moja. Wa kaskazini wanaanza kuandaa watoto wa kulala mchana ungali mrefu, maana kwao baridi inawahi, na aina za jeni ya saa ya mwili inayoitwa period zinabadilika kadri unavyoenda kaskazini. Hili lina maana ya moja kwa moja kwa mtu anayeagiza wadudu kutoka mbali, kwamba hao wadudu wamekuja na kalenda ya kwao. Taa za grinihausi zikiwapa mchana wa saa 16 watasoma kitu kimoja, ukizima watasoma kingine.

Kuhusu kuchagua wazazi, ndiyo inawezekana, na kwenye ufugaji wa muda mrefu ndani ya joto la kudumu inaweza kutokea hata bila kukusudia kwa sababu anayelala hazai wakati wewe unakusanya mayai. Ila jiulize kwanza unataka nini, maana mdudu asiyelala atakufanyia kazi vizuri mwaka mzima kwenye grinihausi na hutoweza kumtunza stoo.

Huku kwetu hakuna winta, haya yote yanatuhusu nini?

Swali zuri, na jibu lake lina historia ya Nairobi. Denlinger huyohuyo, kabla hajawa maarufu kwa mbu, alifanya kazi ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wakati ule wengi waliamini dayapozi ni ya watu wa baridi. Yeye akawachunguza inzi wa nyama wa Kenya na mwaka 1974 akaonyesha kwamba pupa wao wanalala kweli, na kwa kuwa karibu na ikweta mchana unabadilika kwa dakika chache tu kwa mwaka, wao walikuwa wanasikiliza ubaridi, ule wa Julai na Agosti ambao mkazi wa Nairobi anaujua vizuri.

Kwenye mahindi nako kuna usingizi wa kiangazi. Viwavi watoboa mabua, Busseola fusca na Chilo partellus, wanaweza kukaa ndani ya bua kavu wakisubiri mvua. Nyigu Cotesia flavipes aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993 kupambana na Chilo anaishi kwa kutegemea hao viwavi, kwahiyo mwenyeji akilala nyigu naye ana tatizo la kuvuka msimu. Ukichoma mabua yote shambani unaua kiwavi, sawa, na chochote rafiki kilichokuwemo ndani kinaondoka nacho.

Nyuki wetu ndo tofauti, hawana haja ya kujaza mafuta kwa ajili ya theluji, wakiona chakula kimekata kundi zima linahama. Wenzao wa Ulaya wanatengeneza kizazi maalumu cha nyuki wa baridi wenye mwili-mafuta mkubwa na vitelojenini nyingi, nyuki wa kiangazi kule anaishi wiki chache na huyu wa baridi miezi kama sita, jeni ni zilezile, ila malisho na kazi ni tofauti.

Na wale nyuki wanene wenye manyoya wa kwenye nyanya za Ulaya?

Nyuki bambi. Kusini mwa Sahara hatuna wa asili. Kule malkia peke yake ndo anavuka baridi, chini ya udongo, kundi lote lingine linakufa. Waholanzi waliopima walikuta malkia wa Bombus terrestris aliyeingia usingizini akiwa chini ya gramu 0.6 hakuamka. Viwandani wanamrukisha huo usingizi kwa kumpulizia hewa ya kaboni dayoksaidi, na anaanza kutaga.

Nimenunua wadudu-kibibi waliokusanywa porini, nimewaachia jioni, asubuhi hakuna hata mmoja. Nimeibiwa?

Pengine hujaibiwa. Hii inawapata sana watu wa Marekani wanaonunua Hippodamia convergens. Hawa wanatoka bonde la California wakishashiba vidukari, wanapanda milima ya Sierra Nevada na kukusanyika kwa maelfu, ndipo wafanyabiashara wanawazoa kwa magunia. Mdudu huyo amejaa mafuta, ovari zimefungwa, JH iko chini, njaa hana, na amebeba mpango wa kuruka kwanza kabla ya kula. Unamwachia kwenye sukuma wiki yako unategemea ale? Hana sababu. Bora ununue waliofugwa, au lava.

Naweza kuwaweka kwenye friji?

Inategemea ni nani na alikula nini kabla. Aliyepitia maandalizi ya dayapozi anavumilia vizuri. Ambaye hakuandaliwa ukimtia baridi ghafla anachoma akiba ndogo aliyonayo, na madhara ya baridi yanajilimbikiza mwilini, ukimtoa unaona yuko hai ila hataishi wala hatataga. Kwa nyigu wa vidukari Aphidius colemani watafiti wa Ubelgiji walipata ujanja: badala ya nyuzi 4 mfululizo, kila siku unawapandisha nyuzi 20 kwa saa mbili alafu unarudisha. Waliokufa walipungua sana kuliko kwenye baridi ya mfululizo, kwa sababu kile kipindi kifupi cha joto kinawapa nafasi ya kukarabati mwili.

Friji ya nyumbani ina ukavu pia, weka unyevu kidogo. Na kosa kubwa zaidi ni kufikiri joto la wastani ni salama, nyuzi 12 au 15 hivi, hapo mdudu aliyelala anachoma mafuta haraka bila kula chochote. Ndo shida ileile ya misimu ya baridi inayozidi kuwa na joto kule kaskazini, mdudu anamaliza akiba kabla maua hayajatoka.

Mafuta yanapimwaje?

Njia rahisi ni kukausha mdudu, kumpima, kumloweka kwenye kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kukausha tena na kupima tena. Njia ya kemikali ya vanilini inatoa rangi ya waridi na unasoma kwa mashine. Kuna rangi ya Nile Red inayofanya vitone vya mafuta ving'ae chini ya darubini, picha zake ni nzuri ajabu.

Kuna dawa inayoweza kuvuruga haya mambo shambani?

Ipo, na inauzwa kama dawa laini. Pyriproxyfen na methoprene zinaiga JH. Methoprene ikipakwa kwa wadudu wazima waliolala hutumika maabara kuwaamsha, yaani mwili unadanganywa kwamba ni wakati wa kutaga. Na Afrika Kusini kwenye machungwa dawa za kuvuruga ukuaji, pyriproxyfen ikiwemo, ziliwahi kuharibu kazi ya wadudu-kibibi mpaka wadudu magamba, waharibifu wanaoliwa na hao kibibi, wakafumuka upya. Kwahiyo kama una wadudu rafiki shambani soma kiambato kwenye lebo, usisome neno "salama" lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele, na ukiona mojawapo ya majina hayo usipulize wakati wadudu-kibibi wako kwenye lava au mayai.